Kutoka Golini Hadi Ukocha wa Makipa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa kando ya uwanja huku Mombasa: uwanja wa Mbaraki mechi ya klabu ya Bandari ikishaisha, Changamwe, Likoni, na hata ufuoni ambako vijana hujirusha mchangani jua likishapoa. Wanaouliza ni makipa chipukizi, wazazi wao, na wadakaji wa miaka mingi ambao magoti yao yameanza kulalamika. Majibu ni yangu. Asiyekubaliana nayo tukutane barazani.

Kocha wa makipa kazi yake hasa ni ipi?

Mashabiki humwona nusu saa kabla ya mechi akimpigia kipa mashuti mepesi, wakadhani ni hayo tu. Hiyo ni sehemu ndogo. Timu huwa na makipa watatu na nafasi moja. Winga akikosa namba upande wa kushoto anaweza kujaribiwa kulia, au akaingizwa dakika ya 70. Kipa namba mbili hana pa kuingilia. Anaweza kumaliza msimu mzima amevaa koti la benchi, halafu siku moja mwenzake anaumia na yeye anaambiwa avue koti sasa hivi. Kumweka mtu huyo tayari, mwili na akili, ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na ndiyo maana mimi humpima kocha wa makipa kwa kumtazama kipa wake wa akiba.

Kuna mengine pia: kuwachunguza wapigaji penalti wa timu pinzani, kupanga ukuta na kona pamoja na kocha mkuu, na kumwambia kocha mkuu ukweli kuhusu nani aanze Jumapili. Hilo la mwisho huvunja urafiki.

Moeneeb Josephs ni nani, na alifikaje Harambee Stars?

Ni kipa wa zamani wa Afrika Kusini, mzaliwa wa Cape Town, aliyekuja Kenya Machi 2025 kuwa kocha wa makipa wa Harambee Stars, timu ya taifa, katika benchi la kocha mkuu Benni McCarthy. Vijana wengi wanamjua kwa hilo tu. Waliotazama Kombe la Dunia la 2010 wana jambo jingine la kukumbuka.

Ilikuwa tarehe 16 Juni, Pretoria. Wenyeji walikuwa nyuma bao 1-0 dhidi ya Uruguay wakati kipa Itumeleng Khune alipomwangusha Luis Suárez ndani ya kisanduku akala kadi nyekundu. Steven Pienaar akatolewa ili Josephs aingie. Hebu jiweke mahali pake: hujagusa mpira hata mara moja, misuli bado ina baridi ya benchi, na mtu wa kwanza unayekutana naye ni Diego Forlán, mpira ukiwa umewekwa mita 11 mbele yako. Forlán alifunga, na mechi ikaisha 3-0. Siku sita baadaye, Bloemfontein, Josephs alianza dhidi ya Ufaransa na Afrika Kusini ikashinda 2-1. Ushindi huo haukutosha kuwavusha kutoka kundi lao, lakini kipa aliyeanza mashindano akiwa benchi aliyamaliza akiwa mshindi wa mechi yake. Msimu uliofuata alikuwa Orlando Pirates, klabu iliyobeba mataji matatu Afrika Kusini mwaka huo wa 2010/11.

Mtu aliyepitia hayo hahitaji kitabu ili amweleze kipa wa akiba jinsi ya kukaa benchi.

Agosti 2025, CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, ilipochezwa hapa kwetu, Tanzania na Uganda, Kenya iliwekwa kundi moja na Moroko, DR Congo, Angola na Zambia. Wengi tulishika vichwa. Harambee Stars wakacheza mechi nne za kundi na kufungwa bao moja tu, lile la Angola, golini akiwa Bryne Omondi. Wakatolewa robo fainali na Madagaska kwa mikwaju ya penalti, 4-3, baada ya sare ya 1-1. Sifa zote haziwezi kuwa za kocha mmoja. Mabeki walikimbia mpaka wakachoka. Lakini bao moja katika mechi nne dhidi ya wapinzani wale haliji kwa bahati.

Mbona Thomas N'Kono hutajwa kila mazungumzo haya yanapoanza?

Kwa sababu yeye ndiye aliyewaonyesha wengi kwamba kipa Mwafrika anaweza kuwa mkubwa akiwa na glavu na akabaki mkubwa baada ya kuzitundika.

N'Kono alidakia Canon Yaoundé ya kwao Kameruni, akachaguliwa mwanasoka bora wa Afrika mara mbili, 1979 na 1982. Ni nadra kipa kupewa tuzo hiyo hata mara moja. Kombe la Dunia la 1982 Kameruni ilitoka sare mechi zake zote tatu, dhidi ya Peru, Poland na Italia, ikarudi nyumbani bila kushindwa na yeye akiwa amefungwa bao moja tu. Italia hao ndio waliokuja kuwa mabingwa. Espanyol ya Barcelona ikamchukua mwaka uleule, akakaa karibu miaka tisa.

Lakini kisa ninachowasimulia vijana ni cha 1990. Kipa aliyetarajiwa kuanza alikuwa Joseph-Antoine Bell. Bell akalumbana hadharani na wakubwa kuhusu maandalizi ya timu, akawekwa kando, na N'Kono akaambiwa siku ya mechi kwamba yeye ndiye anayedaka. Mechi yenyewe ilikuwa ya ufunguzi, Milan, dhidi ya Argentina ya Maradona iliyokuwa bingwa mtetezi. Kameruni ilimaliza na wachezaji tisa na ikashinda 1-0, kisha ikafika robo fainali. Mtoto mmoja wa Kiitalia wa miaka 12 aliyekuwa akicheza kiungo alivutiwa na yule kipa mwenye suruali ndefu, akaamua naye awe kipa. Mtoto huyo ni Gianluigi Buffon, na baadaye mwanawe wa kwanza alimpa jina la Louis Thomas.

Alipoingia ukochani N'Kono alifundisha makipa wa Kameruni na wa Espanyol. Carlos Kameni, aliyekuwa amepata dhahabu ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 akiwa na miaka 16, alijiunga na Espanyol 2004 akamkuta N'Kono akimsubiri kama mwalimu. Miaka miwili baadaye klabu hiyo ilibeba Kombe la Mfalme la Hispania.

Ni kweli N'Kono alikamatwa kwa uchawi?

Alikamatwa kweli. Uchawi ni madai ya polisi. Ilikuwa Bamako, Februari 2002, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika kati ya Mali na Kameruni. N'Kono, kocha wa makipa, alikuwa uwanjani na kocha Winfried Schäfer. Polisi wakamvamia, wakamwangusha na kumtia pingu mbele ya watu, wakidai ameweka hirizi kwenye nyasi. Kameruni ikashinda 3-0, kisha ikachukua kombe kwa penalti dhidi ya Senegal.

Huku kwetu kisa hiki hupendwa kwa sababu ya hirizi, na kila mtu ana la binamu yake la kuongezea. Mimi napenda takwimu iliyofunikwa na hirizi hiyo: katika mashindano yale yote, mechi sita, Kameruni haikufungwa hata bao moja. Kipa Alioum Boukar na mwalimu wake walifanya kazi ambayo haihitaji kufukiwa kitu ardhini.

Mombasa nayo imewahi kutoa kipa wa taifa?

Muulize mzee yeyote aliyekuwa akisikiliza mpira redioni miaka ya 80 atakutajia Mahmoud Abbas kabla hujamaliza swali. Alidakia klabu ya AFC Leopards na Harambee Stars, na jina alilopewa na mashabiki, "Kenya One", linaeleza lenyewe. Enzi yake Kenya ilichukua Kombe la Chalenji la CECAFA, la nchi za Afrika Mashariki na Kati, mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Fainali ya 1982 ilichezwa Kampala, nyumbani kwa Uganda, na ikaamuliwa kwa penalti.

Siku hizi Bandari ndiyo dirisha letu. Faruk Shikhalo alikuwa akidakia hapa Mbaraki alipochaguliwa kwa Kombe la Afrika la 2019 kule Misri, na mwaka huohuo akavuka mpaka kwenda Young Africans ya Dar es Salaam. Alienda Misri akiwa nyuma ya Patrick Matasi. Vijana hulisema hilo kana kwamba ni aibu. Makipa watatu tu kutoka Kenya nzima walipanda ndege ile.

Lazima niwe nimechezea timu ya taifa ndipo nifundishe makipa?

Hapana. Frans Hoek alidakia Volendam ya Uholanzi na hakuwahi kuwa kipa wa taifa lake, lakini amefundisha makipa wa Ajax, Barcelona na Manchester United. Robo fainali ya Kombe la Dunia la 2014 dhidi ya Costa Rica, dakika ya 120, kocha wa Uholanzi Louis van Gaal alimtoa kipa Jasper Cillessen na kumwingiza Tim Krul kwa ajili ya penalti tu. Krul akaokoa mbili. Mpango huo ulipikwa na benchi ambalo Hoek alikuwa kocha wake wa makipa. Krul alijua huenda akaitwa. Cillessen hakuambiwa, na alipotoka alipiga teke chupa kwa hasira. Kwa Krul walifanya sawa kabisa. Kwa Cillessen mimi bado nina maswali, ingawa naelewa kwamba kipa anayejua atatolewa hadaki kwa moyo mmoja.

Kuchezea taifa kunakupa heshima siku ya kwanza. Baada ya wiki mbili makipa watataka kuona kama mazoezi yako yana maana.

Kipa hustaafu akiwa na miaka mingapi?

Akitunza mwili, hukaa kuliko wengine wote uwanjani. Essam El-Hadary wa Misri alicheza Kombe la Dunia la 2018 akiwa na miaka 45, na akaokoa penalti katika mechi hiyo dhidi ya Saudia. Hakuna mchezaji mkubwa zaidi yake aliyewahi kucheza fainali hizo kabla ya hapo.

Lakini na yeye namtaja zaidi kwa yaliyofuata. Kombe la Afrika lililochezwa Kameruni mapema 2022, El-Hadary alikuwa kocha wa makipa wa Misri chini ya Carlos Queiroz. Hatua ya 16 bora dhidi ya Ivory Coast, kipa wa kwanza, Mohamed El-Shenawy, aliumia. Akaingia Mohamed Abou Gabal, yule wanayemwita Gabaski, akaokoa penalti ya Eric Bailly na Misri ikapita. Robo fainali Gabaski naye akaumia katika muda wa ziada, akaingia kipa wa tatu, Mohamed Sobhi, na Misri ikapita tena. Gabaski akarudi nusu fainali akaokoa penalti mbili za Kameruni, na katika fainali akaipangua penalti ya Sadio Mané dakika ya saba. Senegal walishinda hatimaye kwa mikwaju, ila mchezaji bora wa fainali alikuwa kipa wa timu iliyoshindwa. Kwenye chupa yake ya maji palikuwa na maelezo ya wapigaji: nani hupiga wapi.

Makipa watatu ndani ya mashindano mamoja, na hakuna aliyeingia akitetemeka. Ukitaka kujua ukocha wa makipa ni nini, tafuta mechi zile uzitazame tena.

Kufanya mazoezi ufuoni kunafaa?

Kwa miguu na mapafu, ndiyo. Nenda maji yakiwa yamekupwa, kwenye mchanga mgumu wenye unyevu, si ule mkavu wa juu unaomeza kifundo. Kuanguka hakuumizi, kwa hiyo mtoto anayeogopa kujirusha hujifunza haraka. Angalia kwanza vipande vya chupa na makombe.

Ila mchanga una uongo wake. Mpira haudundi, kwa hiyo shuti la kudunda mbele yako, lile linaloua makipa kwenye viwanja vyetu vya vumbi, hutalizoea ufuoni. Na mruko unaopata mchangani ni mfupi na wa polepole. Siku mbili ufuoni kwa wiki zinatosha. Zinazobaki rudi uwanjani ukaumie kidogo.

Glavu zangu huisha baada ya mwezi. Nifanyeje?

Ni jua na chumvi. Usizianike kibarazani adhuhuri. Kiganja kitapasuka kama chapati iliyolala. Suuza kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, kamua bila kupinda, anika kivulini penye upepo. Kabla ya kucheza zilowanishe kidogo kwa maji safi, hushika vizuri zaidi. Za ufuoni ziwe zile kuukuu, na za mechi zisiguse mchanga kamwe. Na ukiwa chini jifunze kuinuka kwa ngumi, si kwa kiganja.

Ramadhani tunafanya mazoezi vipi?

Kazi nzito iwe baada ya tarawehe, viwanja vyenye taa vikipatikana. Anayetaka alasiri afanye kazi nyepesi tu ya mikono na miguu, nusu saa, iishie karibu na magharibi ili futari iwe mlangoni. Mashuti ya mfululizo na kuruka vizuizi ukiwa na kiu katika joto letu si ushujaa. Kocha anayewalazimisha watoto waliofunga ningemwambia aende nyumbani.

Binti yangu anataka kudaka na anavaa hijabu. Ataruhusiwa?

Ataruhusiwa. Sheria za kandanda zimekubali vazi la kichwa tangu 2014, mradi lisiwe na pini wala kitu cha kuhatarisha. Mtafutie lile la kubana la michezo. Mwonyeshe pia Chiamaka Nnadozie wa Nigeria akipangua penalti ya Christine Sinclair wa Kanada kwenye Kombe la Dunia la 2023. Na mwambie kwamba timu ya kwanza ya Kenya kufika Kombe la Dunia la FIFA, la umri wowote, ilikuwa ya wasichana: Junior Starlets, chini ya miaka 17, mwaka 2024.

Vyeti gani vinahitajika?

Ngazi za CAF, shirikisho la soka la Afrika, huanzia leseni D, kisha C, B, A na Pro, na kozi za mwanzo huendeshwa kupitia shirikisho la nchi. Anza na D hata kama unajua unataka makipa tu, kwa sababu lazima uelewe timu nzima inavyocheza ndipo umwambie kipa asimame wapi. Ulaya UEFA ina leseni maalumu za makocha wa makipa.

Kuna pesa?

Kwenye klabu kubwa, ndiyo. Mtaani, usiache kazi yako ya bandarini.

Sheria gani zimebadilika ambazo wazee waliotufundisha hawakuzikuta?

Kubwa ni ya 1992: beki akikurudishia mpira kwa mguu makusudi, huruhusiwi kuudaka. Hapo ndipo kipa alipolazimika kujua kucheza mpira. Wapo makocha mtaani ambao hadi leo humfundisha kipa kwa mikono tu, wakati mechi nzima mguu wake hugusa mpira mara nyingi kuliko glavu.

Kwenye penalti, mguu wako mmoja angalau lazima uwe juu ya mstari, usawa wake au nyuma yake wakati mpira unapigwa. Na tangu msimu wa 2025/26 ukiushikilia mpira zaidi ya sekunde nane, wapinzani wanapewa kona. Refa huinua mkono akihesabu tano za mwisho. Zamani zilikuwa sekunde sita na adhabu ilikuwa mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja, ila marefa walikuwa hawaisimamii. Hii ya sasa wanaisimamia, kwa hiyo ile tabia ya kulala juu ya mpira ukiwa mbele bao moja iache.

Kocha mkuu ananipa dakika 15 tu na makipa wangu. Nizitumieje?

Hilo ndilo swali la kweli la mtaani, maana wengi wetu hatupewi hata hizo. Dakika tano za kwanza ni za kushika: mipira ya kifuani, ya tumboni, ya chini, bila kujirusha, mpaka mikono iamke. Dakika saba zinazofuata chagua jambo moja tu kutoka mechi iliyopita. Kama mlifungwa kwa krosi, fanyeni krosi, na waite mabeki wawili wasimame mbele ya kipa wakimzuia, kwa sababu krosi isiyo na watu si krosi. Tatu za mwisho mpe kipa namba mbili peke yake. Namba moja amrushie mipira. Mwanzoni atanuna. Mwache anune, na wiki ijayo fanya hivyohivyo.